Mlango wa Babu Gordon Uliokwenda Ziwani

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale, Babu, tangu asubuhi ile uliyoketi mlangoni pa mashua yako kule Takawiri, ukaomba chai, na chai ilipofika wewe ulikuwa umeshaondoka. Mtu aliyechelewa kila mahali maisha yake yote, siku hiyo peke yake ndiyo akaamua kuwahi. Dani amekusema sana kwa jambo hilo. Anasema mtu mwenye adabu haagizi chai halafu akaenda zake.

Wanaosikiliza pembeni tuwaambie kwanza ni nani tunayezungumza naye. Wewe ni Gordon Obare, fundi wa mbao wa ufuo huu wetu kati ya Kendu Bay na Homa Bay. Dani ni bibi yetu, Susana Robi, Mkuria wa Ntimaru kule juu Migori, kwenye mahindi na ng'ombe, ambako maji mengi aliyoyajua utotoni yalikuwa ya mtungini. Ulikwenda huko kuezeka shule, ukarudi na mke. Kikuria hukukijua, Kijaluo hakukijua, kwa hiyo mapenzi yenu yote mliyafanya kwa Kiswahili cha kuungaunga. Nasi leo tunakuandikia kwa lugha hiyo hiyo uliyomtongozea Dani, ijapokuwa yetu ina sarufi kidogo.

Fundi ulikuwa. Meza zako bado ziko kwenye nyumba za watu, na hakuna hata moja inayotikisika. Lakini watoto walipokua wakaondoka, wenzako wakaanza kufuga kuku wa uzeeni, wewe ukasema kuku wana kelele, utafuga upepo.

Ukajenga mashua ya tanga, hapa uani. Ukaiandika ubavuni "Nyar Ntimaru," yaani binti wa Ntimaru, jina ambalo wanakijiji walimwita Dani tangu aolewe. Dani aliposoma akauliza kama hiyo ni sifa au ni njia ya kusema amenenepa. Ukarudi kwenye mbao zako. Ulikuwa na akili za kutosha.

Ilipofika zamu ya kujenga kibanda cha kulala juu ya mashua, mbao zikaisha. Nyumba yako hapa dala, kwenye boma la baba yenu, ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa nyuma. Ukapanda juu ukaanza kushusha mabati. Kisha ukaufuata mlango, ule wa buluu. Ndipo Mzee Cephas, kaka yako, akatokea na bakora yake.

"Omera, mdogo wangu! Unang'oa mlango? Kwenye dala ya baba?"

"Naazima tu, kaka."

"Unaazima kwa nani?"

"Kwa nyumba."

"Gordon, mlango wa dala hauendi kuvua samaki!"

"Nitaurudisha. Njoo uone mwenyewe, sipigi msumari hata mmoja. Nimefunga kibanda chote kwa bolti. Siku ukitaka mlango wako, naleta spana, kinatoka kama kofia."

Mzee Cephas akatazama kibanda, akatazama nyumba isiyo na mlango, akasema tangu mdogo ulikuwa unaazima vitu vyake na hata kisu chake hajakiona mpaka leo. Akaondoka. Lakini yale maneno, kwamba utaurudisha, hakuyasahau. Dani naye alikuwa jikoni, akayasikia.

Siku ya kwanza ziwani Dani hakuona ziwa. Alikaa kizingitini, akakamata kishikio cha mlango kwa mikono miwili kuanzia hapa mpaka Homa Bay, macho yamefungwa, akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikuria. Ukamuuliza mbona asishike kamba, au mlingoti, au wewe mume wake.

"Huu naujua," akakujibu. "Ninyi wengine bado nawaangalia."

Baadaye akafungua jicho moja, na siku za mbele la pili. Mkaanza maisha ambayo hata sisi wajukuu tulishindwa kuyaeleza shuleni. Wenzetu walisema babu zao wanakaa Rangwe au Lambwe. Sisi tukisema wetu wanakaa Rusinga, ila labda sasa wako Mfangano, na kama upepo ni mzuri Ijumaa watakuwa Takawiri, mwalimu alidhani tunamficha kitu.

Takawiri ndiyo mliipenda zaidi, kwa ule mchanga mweupe na minazi yake, kana kwamba mtu aliibeba kutoka mbali akaisahau ziwani. Mlitia nanga hapo mpaka chumvi iishe. Chumvi ikiisha mlishuka Sori, mkateremka hadi Muhuru, Dani anunue unga wa wimbi na kuwasalimu watu wake. Kaka yake Matiko alikuwa anakuja mpaka ukingoni na kibuyu cha maziwa, ila kupanda hakupanda kamwe. "Dada," alikuwa akiita, "nitakusalimia nikiwa kwenye ardhi ya Mungu. Huko uliko sijui ni kwa nani."

Kule Remba wavuvi hawakuwapenda mwanzoni. Walisimama majini wakakuzuia kutia nanga.

"Mzee, shusha huyo mama nchi kavu. Mashua yenye mwanamke inafukuza samaki."

"Kijana, mimi sivui samaki," ukamwambia. "Navua visiwa."

Walicheka, na mtu akishacheka ni vigumu kukufukuza. Kisha Dani akatoa cherehani yake mlangoni akaanza kushona tanga lenu lililochanika. Kijana mmoja akaja na tanga lake chini ya kwapa, akiangalia pembeni kana kwamba limemfuata lenyewe. Baadaye wakaleta suruali, na sare za watoto. Ukifika msimu wa shule kufunguliwa, visiwa vilikuwa vinamngoja Dani kama vinavyongoja meli. Samaki hawakuhama. Kama walihama, walirudi kushonewa.

Tunakumbuka tabia zako, Babu, hata zile ambazo kasisi hakuzitaja. Ulitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Uliwapigia viboko saluti kila asubuhi, ukisema ni wakubwa wa eneo. Kila usiku ulifunga ule mlango wa buluu kwa ufunguo, hata mkiwa katikati ya maji.

"Nani ataiba huku?" Dani alikuuliza. "Kambare?"

"Hawa wa Rusinga siwaamini," ukajibu, ukaweka ufunguo chini ya mto.

Na kuchelewa! Harusi ya binti yako Celestine ulifika kesho yake, wakati watu wanasugua masufuria, ukiwa na kuku mkononi na Dani nyuma yako amevaa gauni lake zuri. Ulisema maneno mawili tu: "Upepo haukuja." Mwanao Austine aliona aibu, akakutafutia injini. Ukaikataa mbele ya watu. Ulisema injini ina kelele, hutasikia mke wako akikusema.

Basi ukaondoka siku ile ya Takawiri, na sisi tukabaki na jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Nyumba yako hapa dala mchwa walikuwa wameimaliza. Na mila yetu hapa kila mtu anaijua: mwanamume akifa, analazwa ndani ya nyumba yake kabla ya kuzikwa. Asiye na nyumba hujengewa kwanza. Akizikwa hivi hivi, ni kama kusema hakuwa na kwao.

Mvua ilikuwa inanyesha. Udongo hausimami, na wageni wa mazishi wako njiani. Dani alikaa chini ya mti karibu na jiko la majirani, hana hata mlango wa kuingia akalie. Alijiona tena yule msichana aliyeshuka Homa Bay na sanduku moja, asiyejua aweke wapi mguu.

Ndipo wavuvi wa visiwani wakaja. Walikuwa wameileta Nyar Ntimaru kutoka Takawiri, na walipoambiwa shida hawakuuliza mara mbili. Waliweka magogo chini, wakafunga kamba, wakaivuta mashua kutoka majini, wakaipandisha mteremko wote mpaka uani, wakiimba. Wale wale wa Remba, Babu, waliosema mwanamke ashushwe. Safari hii walimwomba Dani apande akae ndani wakivuta, isije ikawa mashua inakuja nyumbani bila mwenyewe. Alipanda. Alikaa kizingitini akakamata kishikio.

Mzee Cephas akaja na bakora. Akagonga mlango wa buluu, akaufungua, akaufunga. Akaingia akakikalia kitanda, kikatoa mlio kidogo. Akainua bakora akagusa mabati ya juu. Akatoka.

"Mlango upo," akasema. "Kitanda kipo. Paa lipo. Hii ni nyumba. Mlazeni ndugu yangu."

Ukalazwa nyumbani kwako, ukazikwa kama mtu mwenye kwao. Dani alilia humo ndani, na mlango wake akaufunga mwenyewe. Heshima ile hajaisahau.

Mwaka huu wote amekaa ndani ya mashua hapa uani. Mashua ikiwa nchi kavu hailali sawa, wewe unajua. Hii iliinamia upande wako wa kitanda. Dani akilala upande wake, alfajiri anajikuta upande wako. Hakumwambia mtu aiweke sawa. Beverly, mjukuu wako aliyekuja kukaa naye, alitaka kuingiza jiwe chini. Dani akamwambia aliache jiwe lilipo.

Lakini jua lilipokuja baada ya mvua, mbao za chini zikaanza kuachana. Mwanzo Dani aliweza kupitisha uzi kwenye ufa. Baadaye kidole. Austine akapiga magoti akachungulia, akasema mashua ya mbao ikikaa kavu kiangazi kimoja zaidi, hapo ni kuni. Dani akasikia maneno yale mwilini. Visiwani walikuwa wanatuma salamu kila wiki: watoto wamevaa sare zilizopasuka, atakuja lini? Na ukweli wenyewe, Babu, ambao alimwambia Beverly wakiwa wanaosha vyombo, ni kwamba hapa uani anakukumbuka ukiwa umelala. Ziwani anakukumbuka ukiwa unapiga kelele. Anakutaka wa kelele.

Mzee Cephas alikuja kunywa chai yake ya asubuhi, kama kawaida. Dani akamwambia.

"Shemeji, nataka kurudi ziwani na mashua."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mashua gani?"

"Hii."

"Nyar Ntimaru, hii ni nyumba. Nilisema mbele ya watu wote. Ndugu yangu alilala humo. Nyumba aliyolazwa marehemu haiamki ikaondoka dala. Leo nikisema ni mashua, basi mwaka jana tulimzika kama mtu asiye na kwao. Unataka niseme hivyo?"

Austine akadakia. "Lakini Mzee, nyumba gani ina usukani?"

"Mwaka jana pia ulikuwepo. Mbona hukuniambia?"

Tulikuwa tumeshangilia ile hukumu siku ile kwa sababu ilitufaa, na sasa ilikuwa imekaa mlangoni haitoki.

Kasisi alimwambia Dani aende tu, hayo ni mambo ya zamani. Dani alikataa. Alisema ile siku, yeye mtu wa mbali, watu wa hapa walimpa mahali pa kulilia mume wake. Hawezi kuifanya ile siku iwe uongo ili apate kusafiri. Kama hakuna njia ya kuondoka bila kuvunja neno la Mzee Cephas, basi mashua iwe kuni, naye atapikia.

Akakaa hivyo, ametulia, anashona, akiingiza kidole kwenye ufa kila asubuhi.

Siku moja kitasa cha mlango kikakwama. Akachukua mafuta kidogo akaanza kupaka bawaba, na mkono wake ukateremka mpaka pembeni ya kibanda ukagusa kitu cha duara, chenye kutu. Bolti. Akatia mafuta hapo pia. Halafu akaacha kupaka. Akacheka peke yake mpaka Beverly akatoka kuangalia kama yuko salama.

"Mwite shemeji," akasema. "Na ulete spana ya babu yako."

Mzee Cephas akaja, anashuku.

"Shemeji, ile siku ya Gordon, uligusa nini ndipo ukasema ni nyumba?"

"Unajua nilichogusa. Mlango. Kitanda. Paa."

"Usukani uligusa?"

"Sikugusa."

"Tanga?"

"Sikugusa."

"Hizi mbao za chini?"

"Mimi ni mzee, niiname kugusa mbao za chini nitafute nini?"

"Haya basi. Ulichogusa kinabaki dala. Ambacho hukugusa naomba niende nacho."

Mzee Cephas aliizunguka mashua yote taratibu. Alipofika kwenye bolti akaigonga kwa bakora.

"Itatoka kweli?"

"Alisema inatoka kama kofia."

"Gordon alisema mambo mengi."

Na kweli, Babu, hapo ulitudanganya kidogo. Kofia gani hiyo! Kutu ilikuwa imekaza. Beverly alining'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, Austine akapondeka kidole akasema neno ambalo si la kumbukumbu. Lakini bolti zikalegea, moja ikazifundisha nyingine, na vijana wa hapa wakashika pembe zote wakainua. Kibanda kikatoka kizima kwa mlio kama wa ng'ombe aliyeamshwa. Wakakiweka karibu na kaburi lako, juu ya mawe yaliyosawazishwa, mlango wa buluu ukitazama ziwa.

Dani akaingia kwanza, akalala kidogo kitandani ajaribu. Hakuteleza. Alibaki upande wake, na upande wako ukabaki wako. Akatoka akasema ni sawa.

Mzee Cephas akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akaketi kizingitini, bakora katikati ya magoti. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu, "Alisema ataurudisha."

Tukamwona akijifuta uso kwa kofia yake.

"Nileteeni chai," akasema. "Mimi nitaingoja."

Jumamosi iliyopita wavuvi walirudi na magogo yao, wakaiteremsha mashua. Nyufa zilikuwa zimezibwa kwa pamba na lami, na mashua ilizamishwa kingoni mwa ziwa mpaka mbao zikanywa maji zikakumbatiana. Juu yake, mahali pa kibanda, Dani alishona paa la turubai la kuviringisha, lenye mifuko ya nyuzi na sindano. Beverly akapakia cherehani. Kisu cha Mzee Cephas, kile ulichoazima, tulikikuta chini ya kitanda, tukamrudishia. Sasa ameanza kudai na jembe.

Dani akavua viatu, akapanda. Upepo ukajaza tanga, mashua ikayumba, na mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta kishikio cha mlango. Ukapapasa hewa. Sisi tuliokuwa ukingoni tuliuona ule mkono.

Ukashuka, ukaukamata usukani.

"Beverly," tulimsikia akisema, "mpigie kiboko saluti." Wakaenda.

Tunaokukumbuka ni mke wako Susana Robi. Kaka yako Cephas. Watoto wako Celestine na Austine. Shemeji yako Matiko, ambaye bado yuko kwenye ardhi ya Mungu. Wajukuu wako Beverly, Liz, Levi na Sammy. Na wavuvi wa Takawiri, Mfangano na Remba, pamoja na suruali zao zote.

Ibada itafanyika Jumapili hapa nyumbani, mbele ya mlango wa buluu. Ufunguo uko kwa Mzee Cephas, lakini amesema hatafunga, kambare waje tu. Dani ameahidi atakuwa amerudi kutoka Takawiri. Akichelewa, wageni wetu mtuvumilie na mwendelee na chai. Upepo hautakuwa umekuja.

Umo mioyoni mwetu siku zote, Babu. Lala salama, nyumbani kwako.